Kabla ya Kuuliza Mshahara, Uliza Nani Atakaa na Mtoto

Shemeji yangu amepata kazi London. Ni muuguzi, ana mume na watoto wawili, na mdogo hajatimiza miaka 2. Alinipigia simu Jumapili usiku, furaha tele, na kabla hata hatujamaliza kusalimiana akaanza hesabu: pauni hizi, mara shilingi 170, gawanya kwa 12. Nilimwacha amalize. Hesabu hiyo naijua. Mimi na mke wangu, ambaye naye ni muuguzi, tuliifanya mezani kwetu Mombasa mwaka 2024, nyuma ya daftari la shule la mwanetu, kabla hajaajiriwa Uingereza.

Tuliandika pauni 29,970. Huo ndio uliokuwa mshahara wa mwaka, kwa kuanzia, wa muuguzi wa daraja la 5 katika hospitali za umma za Uingereza. Kwa shilingi ni zaidi ya laki nne kila mwezi, na sisi wawili tukijumlisha mishahara yetu tulikuwa hatufiki nusu yake. Mke wangu akaupigia mstari ule mjumlisho mara mbili.

Mwezi wa kwanza kamili wa kazi yake ziliingia benki pauni 1,900 na ushei. Mkenya amezoea makato, kwa hivyo hatukushtuka kwamba tumekatwa, tulishtuka kwamba tuliyasahau. Kodi ya mapato ni asilimia 20 ya kila kinachozidi pauni 12,570, bima ya taifa asilimia 8, na pensheni ya wauguzi ilimkata zaidi ya asilimia 8 nyingine. Pensheni ni akiba yake na siilalamikii, ila haikulipii kodi ya nyumba mwezi huu.

Nyumba yenyewe tuliitafuta Leeds, mji wa kaskazini mwa Uingereza, ambako ni nafuu kuliko London. Tulijua sheria hairuhusu amana kuzidi kodi ya nyumba ya wiki tano, tukajiandaa hivyo. Wakala akatuuliza rekodi yetu ya mikopo, hatuna. Mdhamini mwenye kazi nchini humu, hatuna. Basi lipeni miezi sita mbele. Kwa pauni 950 kwa mwezi, hiyo ni 5,700 kabla ya kununua hata godoro. Gari tuliloliuza Mombasa likaishia hapo.

Lakini hayo yote tungeyamudu. Kilichotuelemea ni mtoto wetu mdogo.

Mombasa tulikuwa na yaya wa kulala ndani, na mama yangu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtoto akiugua, mama anakuja. Yaya akienda kwao Idi, mama anakuja. Msaada huo haukuwahi kuandikwa kwenye bajeti yoyote, kwa sababu hatukuuona kuwa ni pesa. Leeds tuliuona. Mtoto wa mwaka mmoja kushinda kituo cha malezi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ni zaidi ya pauni 1,000 kwa mwezi. Serikali huwalipia wazazi wanaofanya kazi sehemu ya saa hizo, lakini sharti angalau mzazi mmoja awe na haki ya kupata misaada ya umma, na viza zetu zote mbili zimeandikwa kwamba hatuna. Mtoto akishafika miaka 3 ndipo anapata saa 15 kwa wiki ambazo ni za kila mtoto. Wetu alikuwa bado.

Tukapokezana. Mke wangu akachukua zamu za usiku, mimi nikapata kazi ya mchana kwenye ghala. Asubuhi anafungua mlango, koti juu ya sare, mikono ya baridi, na mimi viatu viko miguuni. Nampa mtoto na chupa ya maziwa. Ananiuliza ameamka saa ngapi, namjibu huku natoka, nakimbilia basi. Yeye ametoka kusimama kwa muda wa saa 12, na mtoto ndiyo kwanza anataka kucheza. Siku moja nilirudi mapema nikamkuta amelala sakafuni kando ya mtoto, ameshika kifundo cha mguu wake, ili akisogea tu yeye aamke. Nilisimama pale mlangoni na sare yangu ya ghala nikalia.

Tuliishi hivyo miezi kumi. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama pauni elfu mbili zinatosha familia, namuuliza kwanza watoto wana umri gani.

Kwa haki, nchi hii imetupa mengi. Mkubwa wetu anasoma bure, na miaka ya mwanzo ya msingi anakula mchana bure. Viza ya wahudumu wa afya ilitusamehe ada ya matibabu ambayo wengine hulipa pauni 1,035 kwa mtu mzima kila mwaka. Binamu yangu aliyekwenda Dubai hakatwi kodi ya mshahara hata dirhamu, na alinionea huruma kwa hilo, hadi watoto wake watatu walipofika. Huko mtoto wa mgeni kwa kawaida ni shule ya kulipia, na kodi ya nyumba hulipwa kwa hundi chache za mwaka mzima. Halafu mkataba wake ulikuwa na mshahara wa msingi mdogo na marupurupu manene. Kiinua mgongo kule huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, siku 21 kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza. Alipoondoka ndipo alipoelewa.

Kuna na deni linalokungoja mbele. Ada ya kuomba ukaazi wa kudumu Uingereza ilipanda Aprili 2025 hadi pauni 3,029 kwa kila mtu, na mtoto analipa sawa na mtu mzima. Watu wanne ni zaidi ya 12,000. Anayetaka kubaki aanze kuziweka mwezi wa kwanza. Na za kutuma nyumbani ziandikwe pamoja na kodi ya nyumba, maana mazishi na karo hazisubiri, na mtu hawezi kumwambia mamake kwamba bajeti imefungwa.

Basi shemeji. Hospitali za katikati ya London humwongezea muuguzi asilimia 20 hivi ya mshahara, yeye akaiona ni zawadi. Nilimtumia picha za matangazo ya nyumba za vyumba viwili kule, kisha za Leeds. Alinyamaza kwa muda. Akaniuliza, je, atangulie peke yake mwaka mmoja, watoto wabaki na bibi yao? Nilimwambia ukweli wangu: miezi mitatu ya kutafuta nyumba, sawa. Mwaka na mtoto wa umri ule, siafiki, hata akirudi na kila pauni aliyoihesabu.

Hajaijibu bado barua ya kazi ya hospitali. Ameandika kumuuliza msimamizi wa wodi kama zamu za usiku zinaweza kupangwa mfululizo, na mumewe anapiga simu vituo vya malezi kuuliza nafasi na bei. Kwa shilingi hajazidisha tena.