Namba ya tarakimu 25: hesabu kweli au kamchezo tu?

Huku Masasi msimu wa korosho ukishaisha watu wanabishania hata vitu visivyo na hela. Safari hii kijiweni ni namba, 3608528850368400786036725. Chukua tarakimu mbili za mwanzo, 36, zinagawanyika kwa 2. Tatu, 360, kwa 3. Nne, 3608, kwa 4, unaenda hivohivo mpaka zote 25 zinagawanyika kwa 25 bila baki, na hakuna namba ndefu kuliko hiyo yenye tabia hiyo.

Mwalimu mmoja mstaafu hataki kusikia. Anasema hiyo sio hesabu, ni bahati ya uandishi, sababu tunaandika namba kwa makumi, ukiiandika kwa mbilimbili kama kompyuta hiyo tabia haipo tena, wakati namba tasa inabaki tasa hata uiandike vipi. Na hoja yake ina wakubwa nyuma yake. Hardy, mwanahisabati wa Chuo cha Cambridge Uingereza, mwaka 1940 alitoa mfano wa 8712 na 9801, ambazo ni 2178 mara 4 na 1089 mara 9, yaani zimegeuzwa nyuma mbele, akasema hivyo ni vya kuchangamsha watu tu, mwanahisabati havimgusi.

Sawa mwalimu, shikamoo, ila hapo umeangalia namba ukaacha swali. Kwanini inakomea tarakimu ya 25? Kalkuleta ya simu haisaidii, inakutolea 3.6 na E24 basi, inabidi ushike kalamu. Weka sifuri mwishoni ziwe tarakimu 26, gawanya kwa 26, baki inakuja 12. Ili igawanyike unatakiwa kuongeza 14, na tarakimu kubwa tuliyonayo ni 9. Imekwama! Na ukirudi nyuma unaona kwanini mwanzoni hukwami: una tarakimu kumi za kuchagua, 0 mpaka 9, na kwenye namba kumi zinazofuatana lazima upate inayogawanyika kwa 7, kwa 8, hata kwa 10. Kuanzia 11 hakuna uhakika tena, na kila ukisogea nafasi inazidi kubana. Hiyo ni hoja, sio bahati, na ukihamia mfumo mwingine wa kuandika namba hoja inabaki, kinachobadilika ni mahali pa kukwama.

Kwahiyo kwa namba yenyewe nampa mwalimu ushindi, ukiikariri haikusaidii kitu. Kwa darasani simpi. Mwanafunzi wa fom wan mpe 1 mpaka 9, kila moja itumike mara moja tu, kwa sharti hilohilo. Mipangilio iko 362,880, ila ya tano lazima iwe 5 na shufwa zikae nafasi za pili, nne, sita na nane, akiendelea kuchuja hivo anabaki na 381654729 peke yake.