Watu wawili ndani ya chumba cha watu wanane

Matangazo ya vyumba vya kutoroka huandika "watu 2 hadi 8", kana kwamba wawili na wanane wanacheza mchezo mmoja. Hawachezi. Wakiingia wanane, watatu huhangaika na makufuli, wawili hushika tochi, na waliobaki husoma mabango ya ukutani wakingoja picha ya mwisho. Wakiingia wawili, kila droo ni yao na kila kosa ni lao, na zile dakika 60 zilizowatosha wanane huwaishia wakiwa bado chumba cha kwanza.

Kwa asiyewahi kuingia: kundi linaingizwa katika chumba kilichopambwa kama ofisi ya mpelelezi, maabara au nyambizi, linapewa saa moja, na linategua fumbo baada ya fumbo hadi lifungue mlango wa mwisho. Msimamizi hutazama kwa kamera na kutoa vidokezo. Mchezo huu ulianza Japani mwaka 2007, pale Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP walipouandaa Kyoto. Ulaya uliota mizizi Budapest, ambako Attila Gyurkovics alifungua ParaPark mwaka 2011. Mtafiti Scott Nicholson alipowahoji wenye vyumba 175 na kutoa ripoti yake mwaka 2015, wastani wa kundi ulikuwa watu 4.58. Vyumba vingi vimeshonwa kwa kipimo hicho, na anayekuja na mwenzake mmoja anavaa nguo ya mtu mwingine.

Mwenye chumba naye ana hesabu zake. Mchezo wa dakika 60, maelezo ya mwanzo dakika 10, kukirudisha chumba kama kilivyokuwa dakika 15 hadi 20: hiyo ni saa moja na nusu, wawe wawili au sita. Akitoza kwa kichwa, wawili wanamletea theluthi ya mapato ya sita kwa muda uleule. Ndiyo maana wengine huwachanganya wageni wasiojuana ili chumba kijae, jambo lililozoeleka sana Marekani mchezo ulipoanza kuenea huko. Kibiashara haina shida. Kimchezo ni hasara, kwa sababu mtu humtupia mwenzake wazo la kipuuzi bila aibu, na mara nyingi wazo hilo la kipuuzi ndilo jibu. Mbele ya mtu asiyemjua hulimeza. Afadhali kutoza bei ya chumba kizima, hata ikiwauma wawili, kuliko kuwapangia wenzao.

Mvutano mkubwa zaidi uko kwenye mpangilio wa mafumbo. Kuna wanaopanga kwa mstari, fumbo la kwanza likitoa ufunguo wa la pili, la pili la tatu, hadi mwisho. Wengine hupanga kwa matawi: mafumbo matatu au manne yako wazi kwa wakati mmoja, na majibu yake hukutana kwenye sanduku moja.

Wanaotetea matawi husema hakuna anayekaa bure, na fumbo moja likigoma mchezo hausimami. Kwa kundi la watano hilo halina ubishi. Kwa wawili mambo hubadilika. Kila mmoja hushika tawi lake, wanapeana mgongo, na zinaweza kupita dakika 20 bila kuambiana zaidi ya "nipe kalamu". Wakitoka nje, kila mmoja ana nusu ya hadithi. Yule barua ya marehemu haijui, huyu hajui ramani ilitoka wapi. Walikuja kucheza pamoja, wakacheza jirani.

Mstari huponya hilo. Wote wawili wanaona kila kitu kikifunguka, na hadithi inafika kwa mpangilio wake. Ila mstari una mkosi mmoja, nao ni mkubwa: akili ni mbili tu. Fumbo moja likiwashinda kwa dakika 12, moja ya tano ya muda wao imeungua mbele ya kufuli moja, na hakuna kingine cha kushika.

Nionavyo, kwa timu ya wawili hadi watatu hadithi iende kwa mstari, na kila hatua iwe na mafumbo mawili yaliyo wazi, kamwe si matatu, kila moja la dakika nne hadi sita, na yote mawili yakutane kabla ya hatua inayofuata. Mmoja akikwama hugeuka kumsaidia mwenziwe, kisha hurudi na macho mapya. Kwa saa moja mafumbo manane au tisa yanatosha wawili. Chumba cha watu watano hubeba 12 hadi 14.

Idadi ya mafumbo, hata hivyo, si ndiyo inayowaua wawili hasa. Kinachowaua ni kutafuta. Akili ya watu sita haizidi ya wawili mara tatu, lakini mikono 12 ni mikono 12: sita hukipekua chumba kwa dakika tatu, wawili hufika kumi na bado wameruka uvungu wa meza. Chumba chenye vitu 15 vilivyofichwa ni adhabu kwao. Vibaki vitano au sita, na viwe mahali ambapo mtu wa hadithi ile angeviweka kweli. Mafumbo yanayohitaji miili nayo yaondolewe, kama lile la kushikana mikono kufunga sakiti (njia ya umeme) kati ya bamba mbili zilizoachana mita nne. Wawili hawafiki, na ukiwapa fimbo ya chuma ili wafike umeshawaambia kwamba chumba hiki si chao.

Fumbo linalowafaa wawili ni lile linalowagawia habari. Tuseme ni duka la fundi saa. Leja imefungwa kwa mnyororo kwenye meza, saa nne ziko kwenye ukuta wa nyuma ya pazia, na aliye mezani hazioni. Mmoja anasoma, mwingine anazungusha mishale. Saa zote nne zikikaa sawa, kabati linafunguka. Hapo pana mazungumzo, makosa na kicheko, na gharama ni ndogo.

Ila fumbo hilo kwa Kiswahili lina mtego ambao mtungaji lazima aufikirie mapema. Leja ikisema saa ya mteja ilisimama "saa tatu na robo", mshale mfupi unaelekea wapi? Mswahili anayesoma saa kila siku ataupeleka penye 9. Mwenzake aliye ndani ya fumbo, akitafuta maana ya kila tarakimu, ataupeleka penye 3. Watabishana dakika nane, na wote wana haki. Kubadilisha leja iwe ya tarakimu tupu kunaua ladha. Dawa ni kuweka mfano mmoja uliokwisha kutatuliwa: saa ya tano, iliyopigiliwa, mishale yote miwili penye 12, na mstari wa kwanza wa leja usemao "saa sita kamili". Anayetazama anaielewa kanuni mwenyewe, na hiyo ni raha nyingine ndogo. Mishale nayo ikazwe, maana ikilegea hujishukia yenyewe, kabati halifunguki, na wachezaji huanza kulitilia shaka jibu lililo sahihi.

Shaka hiyo ndiyo inayovunja uzamaji, ile hali ya kujisahau ndani ya hadithi, kuliko kitu kingine. Mchezaji husamehe ukuta wa mbao nyembamba na fuvu la plastiki. Hasamehi kutojua kama amekosea yeye au kimekosea kifaa. Kwa hiyo ubishi wa makufuli dhidi ya elektroniki haumalizwi kwa kuangalia kipi kinapendeza. Kufuli la namba ni bei rahisi, linajulikana, na likifunguka limefunguka. Ubaya wake ni kwamba halina hadithi: ukikuta makufuli saba ya namba kwenye nyumba ya mganga, unajiuliza mganga yule aliishije. Tena makundi makubwa hulikwepa fumbo lake. Kufuli la tarakimu tatu lina michanganyiko 1,000. Tarakimu mbili zikishajulikana hubaki majaribio kumi, na mtu wa sita asiye na kazi hukaa kwenye kona akiyamaliza. Wawili hawana mtu wa kumwacha kwenye kona, kwa hiyo kwao kufuli hilohilo ni fumbo la kweli.

Elektroniki hutoa kile ambacho kufuli halitoi: unaweka kitabu mahali pake na ukuta unafunguka. Lakini kisoma chipu kikikaa nyuma ya bati hakisomi, na kufuli la sumaku la volti 12 likizimwa hurudisha mshtuko wa umeme unaoweza kuifanya Arduino, kompyuta ndogo inayoendesha mafumbo, ianze upya na kusahau yote iliyokuwa imehesabu. Dayodi moja, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikiunganishwa sambamba na koili ya kufuli huzuia hilo, na bado wapo wanaoisahau. Mahali ambapo umeme hukatika, weka betri kwenye ubongo wa mchezo, usiweke kwenye kufuli la mlango wa kutokea. Umeme ukienda, kumbukumbu ibaki na mlango uachie.

Kuhusu mlango huo hakuna pande mbili. Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin nchini Poland, wasichana watano wa miaka 15 waliokuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa walikufa moto ulipozuka kwenye chumba cha kutoroka, pasipo njia ya kuokoka. Wapo wanaodai mlango usiofungwa kweli huharibu msisimko. Hauharibu kitu. Msisimko unatoka kwenye saa inayohesabu kurudi nyuma, na mlango wa mchezo unaweza kuwa wa pili, tofauti na ule wa kutokea. Kitufe cha dharura kikate waya wa sumaku moja kwa moja. Kisipitie kompyuta.

Vidokezo ni ubishi wa aina nyingine. Wapo wasimamizi wanaotoza: kila kidokezo kinakata dakika mbili. Hoja yao si ngeni kwetu, kwani kwenye vitendawili anayeshindwa husikia "nipe mji", na hapewi jibu kabla hajautoa mji wake. Bei hufanya jibu lithaminiwe, na kwa kundi la sita, ambalo daima lina mmoja wa kupaza sauti kuomba msaada, bei hiyo hutuliza fujo. Kwa wawili inawagandisha. Mmoja anataka kuomba, mwingine hataki kulipa, na muda unaopotea kwa mashauriano hayo unazidi zile dakika mbili. Wapewe vitatu vya bure, na vifike kwa sauti ya hadithi, kwa simu ya mezani ya fundi saa au karatasi chini ya mlango, badala ya skrini inayowaka maandishi mekundu. Msimamizi naye asingoje kuombwa. Kundi kubwa hupiga kelele hata likiwa limekwama. Wawili wanaokaribia jibu huongea bila kukoma. Wakinyamaza kwa dakika tatu na mikono imeshuka, wamekwama.

Katika ripoti ileile ya Nicholson, walioshinda walikuwa karibu asilimia 41. Wapo wanaojivunia kiwango cha chini kuliko hicho na kukiandika mlangoni. Kwa wawili wa mara ya kwanza ni fahari ya bure: wakishindwa, mwisho wa hadithi hawauoni, na nusu ya pesa ya mapambo imewekwa kwenye chumba cha mwisho ambacho hawakukanyaga. Kuwaongezea dakika kimyakimya nayo ni hila, na saa iliyo ukutani huifichua. Kama kundi linalofuata halijafika, saa ilie na taa zibadilike, wajue wameshindwa, kisha msimamizi awafungulie chumba cha mwisho wakitegue bila kuhesabiwa.