Mbunge wa kilomita 39,000

Chukua maeneobunge mawili ya Kenya. Mathare, jijini Nairobi, ina ukubwa wa takribani kilomita 3 za mraba. Mbunge wake akiamua kutembea kwa miguu, ataizunguka yote asubuhi moja, na huo ni pamoja na muda wa kusimamishwa njiani na kila mwenye shida. North Horr, katika kaunti ya Marsabit, ina kilomita za mraba 38,953. Rwanda nzima inaingia humo na nafasi inabaki. Sensa ya 2009, iliyotumiwa kuchora mipaka tuliyo nayo, ilihesabu watu 193,416 Mathare na 75,196 North Horr. Kila eneo lina mbunge mmoja, na ikipigwa kura bungeni wawili hao wana uzito uleule.

Hapo ndipo unapoanzia ugomvi wa iwapo maeneobunge makubwa yenye watu wachache yaendelee kuwa na wabunge wao. Kauli ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", yaani viti na fedha vifuate idadi ya watu, ilivuma sana mwaka 2020, Seneti ilipokwama kwa wiki kadhaa juu ya fomula ya kugawia kaunti fedha, ikarudi tena 2024 kinywani mwa Rigathi Gachagua alipokuwa naibu wa rais. Watu wa kaskazini huisikia kauli hiyo kama tusi, lakini tukiweka hasira kando, ina hoja. Mkazi wa Mathare anagawana mbunge wake na watu zaidi ya mara mbili na nusu ya wale wa North Horr. Kosa lake ni nini? Kuzaliwa kwenye msongamano? Shida zake si nyepesi kwa kuwa zimebanana: moto wa mabati, mafuriko ya mto, maji ya kununua kwa mtungi. Katiba nayo, katika Ibara ya 89, inaanza na idadi ya watu. Ardhi haipigi kura, wala ngamia.

Ila Ibara hiyohiyo haikuishia hapo. Inaruhusu miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache kupungua au kuzidi wastani kwa asilimia 40, huku kwingine kukiwa asilimia 30, na inataka mchora mipaka atazame pia njia za mawasiliano na mahusiano ya jamii. Walioiandika walijua kwamba mbunge ni mtu mwenye miguu miwili na siku saba kwa wiki.

Tuzihesabu hizo siku. Bunge la Taifa huketi Jumanne hadi Alhamisi. Kutoka Nairobi hadi mji wa Marsabit ni zaidi ya kilomita 500. Lami ya Isiolo hadi Moyale, iliyokamilika katikati ya muongo uliopita, ilipunguza mateso mengi, kwani zamani magari yalisafiri kwa msafara na askari. Lakini lami hiyo inapita ukingoni tu mwa North Horr. Ukitaka kufika makao ya eneobunge lenyewe unaiacha, unashika vumbi na mawe kupitia Maikona na Kalacha, ukiambaa na jangwa la Chalbi. Mvua ikinyesha, Chalbi inageuka ziwa la tope na safari inaishia hapo. Na ukishafika North Horr bado hujafika Illeret, kule Ziwa Turkana linapokaribia Ethiopia, wala Dukana. Mbunge anayetaka kuonana na wadi zake tano hawezi kufanya hivyo kwa wikendi moja, hata akiwa na dereva asiyelala.

Tena mpigakura mwenyewe hatulii mahali. Mfugaji hufuata malisho. Aliyejiandikisha kituo fulani huenda sasa yuko siku tatu mbali na kituo hicho pamoja na mifugo yake. Mbunge wa mjini huitisha mkutano na watu wakaja. Huyu huuliza kwanza mvua imenyesha wapi.

Kisha kuna historia. Waraka wa Kikao Namba 10 wa 1965, sera ya uchumi ya serikali ya Kenya, uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kule zitakakozaa haraka, yaani nyanda zenye mvua na mashamba. Kaskazini, iliyokuwa imefungwa na mkoloni kama wilaya ya mpakani, ikabaki ilivyo. Mpaka leo utamsikia mzee wa Marsabit anayesafiri kwenda Nairobi akisema anaenda Kenya. Ndiyo maana hoja ya shilingi moja kwa kila mtu inawachoma huko: wanaona watu waliokula miaka mingi kabla ya kunawa mikono sasa wanataka sahani zipimwe kwa mizani.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaotaka maeneobunge haya yabaki. Sikubaliani na sababu wanayoitanguliza.

Sikiliza vizuri wanasiasa wa kaskazini wanapotetea viti vyao, na wapinzani wao wanapovishambulia. Neno linalorudi ni fedha. Mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, NG-CDF, hugawiwa sawa kwa maeneobunge yote 290. Ukipima kwa kichwa, kila shilingi moja ya mtu wa Mathare ni zaidi ya shilingi mbili na nusu kwa mtu wa North Horr. Ukipima kwa ardhi, North Horr inapata sehemu isiyofika moja kwa elfu kumi na mbili ya Mathare. Hesabu zote mbili ni sahihi, na kila upande hubeba inayoupendeza. Eneobunge likishakuwa kikapu cha fedha, kulipoteza si kupoteza sauti tu. Ni kupoteza basari, madarasa na malambo. Hakuna mwanasiasa atakayejadili uwakilishi kwa utulivu katika hali hiyo, awe wa jangwani au wa eneo la Mlima Kenya. (Wa mlimani wasijitakase. Mipaka ilipochorwa 2012, Othaya, Tetu na Kangema nazo zilikuwa chini ya kiwango cha watu, zikaokolewa na kifungu kilekile cha mpito cha Katiba kilichoiokoa North Horr, kilichozuia eneobunge lolote kufutwa katika mapitio ya kwanza.)

Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya mfuko huo ya 2013 mnamo Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria ya 2015 nayo inakiuka Katiba, kwa sababu mbunge hawezi kutunga sheria, kukagua serikali na papo hapo kuwa mtekelezaji wa miradi. Wabunge walipiga kelele. Kelele za kaskazini zina haki yake: mahali ambapo serikali kuu ilikuwa hadithi, CDF ndiyo iliyojenga darasa la kwanza. Mama aliyesomeshewa binti kwa basari hawezi kuelewa utenganisho wa mamlaka, na mimi sina ujasiri wa kumhubiria.

Lakini mfuko huo umemfundisha mpigakura kumpima mbunge kwa mabati. Kuna kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya ikiachwa, na mfano wake uko Laisamis, jirani wa North Horr. Pale imesimama mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Ilikuwa tayari 2017, ikangoja nyaya mpaka Septemba 2018. Ardhi iliyotengwa ni ekari 150,000, iliyokuwa chini ya usimamizi wa halmashauri kwa niaba ya jamii. Mwaka 2014 baadhi ya wakazi walikwenda kortini, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa utaratibu uliowekwa. Umeme unasafiri mamia ya kilomita kwenda kusini huku manyatta nyingi za karibu zikiwa gizani. Maswali ya nani alitia saini, jamii inapata nini na kwa mkataba upi ni ya bungeni hasa: kwenye kamati, kwenye bajeti, kwenye ardhi. Hayana utepe wa kukata. Mbunge anayeyafuatilia kwa miaka mitatu atarudi nyumbani bila cha kuonyesha, na mpinzani wake atauliza amejenga madarasa mangapi.

Kazi nyingine ni amani, nayo haimo kwenye fomula yoyote. Julai 2005 wavamizi walishambulia Turbi, kijiji cha North Horr, wakaua watu wengi, wakiwemo watoto wa shule. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyobeba viongozi waliokuwa wakienda kupatanisha jamii ilianguka mlimani Marsabit. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge wote wanne wa eneo hilo: Bonaya Godana wa North Horr, Abdi Sasura wa Saku, Titus Ngoyoni wa Laisamis na Guracha Galgallo wa Moyale. Walikuwa mahasimu wa kisiasa, kila mmoja na jamii iliyomtuma. Walipanda ndege moja kwa sababu palikuwa na wanne, na kila jamii ilimjua wa kwake. Punguza viti viwe viwili kwa ajili ya hesabu, na jamii mbili zitakaa nje ya mkutano wa namna hiyo.

Hapo pia pana doa, na si haki kulificha. Mbunge anayebeba jamii mara nyingi huchaguliwa na wazee kabla ya sanduku kufunguliwa. Maridhiano hayo huzuia damu, lakini mwanamke au kijana wa ukoo mdogo hukuta uamuzi umeshafanywa. Uwakilishi ninaoutetea hapa si mkamilifu hata kidogo.

Mapitio yajayo ya mipaka, ambayo yalipaswa kukamilika Machi 2024 wakati tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, hayatakuwa na kifungu cha mpito cha kumlinda mtu. Kwa sensa ya 2019 wastani ni watu 164,015 kwa eneobunge, na kiwango cha chini kwa maeneo yenye watu wachache ni takribani 98,400. Kaunti ya Marsabit ilihesabiwa watu 459,785. Gawa kwa nne unapata karibu 115,000. Kwa maneno mengine, Marsabit kama kaunti inaweza kubaki na wabunge wake wanne bila kuomba huruma ya mtu, jambo ambalo sijalisikia likisemwa kwenye majukwaa ya upande wowote.

Sharti ni kwamba mistari ya ndani isogezwe, kwa kuwa watu hawakugawanyika sawa. North Horr ingehitaji kuongezewa watu kutoka kwa majirani, na upande mmoja wa kuwapata ni mashariki, ambako inapakana na Moyale. Huko ndiko iliko Turbi.