Rimoti: Kupunga Hewani au Kushika Kitu?

Wanaotabiri kifo cha rimoti karibu wote humfikiria mtu anayepunga mkono mbele ya televisheni. Ahadi yenyewe inavutia: hakuna cha kutafuta chini ya mito ya kochi, hakuna betri, hakuna utitiri wa vitufe ambavyo vingi havijawahi kuguswa. Microsoft ilipotoa Kinect, kamera ya kuchezea michezo ya video kwa miondoko ya mwili, mnamo Novemba 2010, ziliuzwa milioni 8 ndani ya siku 60. Kufikia 2017 haikutengenezwa tena.

Bei ilichangia, na michezo ya kuvutia ilikuwa haba. Ila mimi naukazia macho mkono wenyewe. Kamera haijui kama ulioinuka unaongeza sauti, unakuna sikio au unanogesha hadithi. Ndiyo maana mara nyingi unatakiwa kwanza uinue kiganja, usubiri alama itokee kwenye skrini, ndipo uamuru. Sasa nyoosha mkono mbele ya bega ukipunguza sauti hatua kwa hatua: hufiki mbali kabla bega halijalalamika. Wataalamu wa kompyuta wameyapa maumivu hayo jina, "mkono wa sokwe". Na kochi likiwa na watu watatu, anatiiwa nani?

Vitu vya kushika, kwa upande wao, hupuuzwa kama midoli. Mwaka 1992 Durrell Bishop alibuni mashine ya kupokea ujumbe wa simu ambamo kila ujumbe ni gololi. Ukiitia kwenye kishimo chake, unasikiliza. Ukiiweka kwenye simu, inampigia aliyekutafuta. Ukitaka kujua una jumbe ngapi, unatazama gololi tu.

Toniebox, spika ya hadithi za watoto iliyoingia sokoni Ujerumani mwaka 2016, imefuata njia hiyohiyo. Mtoto anaweka kisanamu juu ya boksi, hadithi inaanza, akikiondoa, kimya. Akiminya sikio kubwa la boksi sauti inapanda, dogo inashuka. Mtoto asiyejua kusoma anaiendesha peke yake, na sioni kwa nini mzee asiyeona vizuri anyimwe urahisi huo eti kwa sababu ameshakua.

Kweli, huwezi kuwa na kisanamu kwa kila filamu, na visanamu hupotea haraka kuliko rimoti. Kutafuta filamu moja kati ya maelfu ni kazi ya sauti au kibodi. Mwenye mikono yenye unga, au vidole visivyoweza kushika, atashukuru kupunga. Lakini kuwasha, kusitisha na kurekebisha sauti, kazi za kila siku, zinafaa gurudumu la kuzungusha gizani bila kuangalia.

Kikwazo, nadhani, ni biashara. Kamera ikishafungwa, ishara mpya huongezwa kwa programu. Gurudumu lazima litengenezwe moja moja, kwa gharama. Hesabu hiyo ya kiwandani haijumuishi bega la mtazamaji, wala kamera inayobaki macho sebuleni.