Mashine ambayo ndani yake kuna mtu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa IBM walitaka kujua kama watu wangeipenda taipureta inayosikiliza: wewe useme, yenyewe iandike. Kompyuta ya kuimudu kazi hiyo haikuwapo. Wakamweka mchapaji hodari chumba cha pili, asikilize na kuchapa. Mshiriki akiisema barua yake kwenye kipaza sauti, maneno yanatokea kwenye skrini. Matokeo waliyachapisha mwaka 1983.

Mimi naitetea mbinu hii ya kumficha mtu nyuma ya mashine, kwa sababu hatusemi na mashine kama tunavyosema na mtu. Mshiriki akijua kuna mtu upande wa pili, ataanza na salamu na kuchagua maneno. Asipojua, atatoa amri kavu, na hapo mbunifu atagundua mapema kwamba Mswahili akiagiza teksi ya saa mbili asubuhi, anaitaka wakati skrini inaonyesha 8:00. Ni heri kosa hilo lionekane kwenye jaribio la wiki moja kuliko baada ya programu nzima kuandikwa.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayonitia hofu. Anayedhani anaongea na chombo humwaga yote: madeni, maradhi, ugomvi wa nyumbani. Kwenye utafiti wa haki, mshiriki huwa ameridhia kushiriki, na mwishoni huambiwa ukweli. Sokoni nani atamwambia?

Aprili 2025 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mwanzilishi wa Nate, programu ya kununulia bidhaa mtandaoni, iliyokusanya zaidi ya dola milioni 40. Walidai aliwaaminisha wawekezaji kwamba akili bandia ndiyo inayonunua, kumbe kazi ilifanywa kwa mkono na watu, wakiwemo wafanyakazi wa kituo cha simu Ufilipino. Kesi ni ya fedha za wawekezaji. Mimi namfikiria mnunuzi ambaye hakujua kuna jicho la mtu kwenye manunuzi yake, na yule mfanyakazi aliyetakiwa asionekane kabisa.

Watetezi wa kumficha mtu husema ukweli huliua jaribio. Maabara, nakubali. Lakini huduma ikishaanza kutoza pesa au kupokea siri za watu, si jaribio tena. Facebook walipoanzisha msaidizi wao wa kidijitali, M, mwaka 2015, walisema wazi kwamba nyuma yake kuna watu wanaosaidia. Watumiaji waliendelea kumtuma kazi hadi huduma hiyo ilipositishwa mwaka 2018.