Tofali Langu Ni Lipi?

Wanaosema sina nyumba ni wambea. Mimi ni mjenzi wa kitaifa hapa Kenya, sema tu sijawahi kushika mwiko. Kila mwisho wa mwezi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi kujenga nyumba za bei nafuu za serikali. Ghafi, nisikieni vizuri! Yaani napigiwa hesabu hata kwa zile pesa ambazo sitaziona, zile za kodi ya mapato, akiba ya uzeeni ya NSSF na bima ya afya. Kwa mshahara wangu wa 30,000, hiyo ni shilingi 450.

Na sheria inamtaka mwajiri naye aongeze 450 zake juu ya zangu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Tangu siku hiyo bosi wangu ananitazama kama mtu anayenisomeshea watoto. Nikiomba ruhusa ya nusu siku ananiuliza, "Na ile nyumba ninayokujengea?" Bwana, nyumba gani? Nioneshe hata choo.

Mnakumbuka tulivyozungushwa. Makato yalianza Julai 2023. Tarehe 28 Novemba Mahakama Kuu ikasema ada hiyo inakiuka katiba, nami kwa furaha nikachukua kuku kwa mkopo. Kumbe serikali imepewa muda iendelee kukata huku ikijiandaa kukata rufaa. Kuku ameshaliwa! Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuuongeza huo muda, nikapumua. Sikupumua sana. Machi 19 Rais akatia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, tukarudi palepale, na safari hii hata jirani yangu muuza mitumba akaingizwa humo, asilimia 1.5 ya mapato yake. Alicheka mpaka akakaa chini. "Watayajuaje mapato yangu na mke wangu mwenyewe hayajui?"

Sheria hiyohiyo ikatupanga. Anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi amewekewa nyumba za kijamii. Kuanzia 20,000 mpaka 149,000, nyumba za bei nafuu. Kwa hiyo mimi na mtu wa 149,000 tuko foleni moja. Sina chuki naye, yeye anakatwa 2,235 na bila shaka inamuuma pia. Lakini siku tutakapokutana kwenye ngazi sijui nimsalimie kama jirani au nimpe barua ya kuomba kazi.

Jumamosi moja nikaamua kwenda kuona jengo moja la mradi linavyopanda. Mlinzi akanisimamisha langoni.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Kuangalia mali yangu."

"Nyumba nambari ngapi?"

"Nambari bado. Nina tofali."

Akanikagua kuanzia viatu. Nikamweleza kwamba nimekuwa nikichanga, na kwa makadirio yangu tofali langu liko orofa ya tatu, upande unaopata jua la asubuhi. Akaniambia nijiandikishe Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuombea nyumba hizo, niweke akiba ya amana, nisubiri kugawiwa. Nikamwambia nimeshajiandikisha. "Basi subiri ukiwa kwako." Kwako! Mtu anakufukuza kwako ukasubiri kwako. Nikamuuliza kama naye hukatwa. Akanyamaza, akatazama huku na huku, kisha akafungua lango kidogo. Tukaanza kutafuta tofali la kwake pia.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi ya dunia nzima, lina makao makuu hapahapa Nairobi, Gigiri. Dunia nzima inakuja hapa kujadili makazi, na mimi niko kwenye bedsita, chumba kimoja cha kupanga, ambayo mlango wa choo haufunguki mpaka mtu mmoja apande kitandani. Katiba nayo, kifungu cha 43, inanipa haki ya makazi ya kufaa na yenye viwango vya usafi. Nilimsomea keateka, msimamizi wa jengo letu, kifungu hicho alipokuja kudai kodi ya nyumba. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Umesoma vizuri sana, Baba Neema. Sasa tuma kwa ile nambari ya kila siku."

Halafu kuna huo ustawi wa miji. Eldoret ilipopandishwa kuwa jiji Agosti 2024, shemeji yangu wa huko alibadilika sauti. Sasa akipiga simu anaanza na "huku jijini". Nikamuuliza mtaro wa nje kwake umeshazibuliwa. Akasema mambo ya jiji hayaendi kwa pupa.

Mke wangu ndiye amekuja na wazo. "Baba Neema, wewe na bosi wako mnatoa 10,800 kwa mwaka. Kwa nini usiwaambie wakupe matofali yenyewe? Jiko la mama limeanguka ukuta mmoja." Niliona ana hoja, nikampelekea bosi. Akasema matofali hana neno nayo, lakini nauli ya lori mpaka kwa mama mkwe sheria haijasema tugawane.