Saragarhi: ushujaa ni wa nani?

Kila ikifika tarehe 12 Septemba watu wanaikumbuka vita ya Saragarhi na ubishi ni uleule, huyu anasema mashujaa yule anasema vibaraka wa mkoloni. Ni mwaka 1897, kwenye milima ya Samana, upande wa mpaka wa India ya Mwingereza na Afghanistan, Makalasinga 21 wa kikosi cha 36th Sikhs chini ya Havildar (yaani sajini) Ishar Singh walivamiwa na maelfu ya Wapashtun wa makabila ya Afridi na Orakzai, wakapigana masaa na masaa mpaka wakaisha wote.

Mimi anayenikaa moyoni ni Gurmukh Singh. Ngome mbili za Mwingereza, Lockhart na Gulistan, zilikuwa hazionani, ndo maana kikaposti cha Saragarhi kikawekwa katikati kipitishe ujumbe, na yeye ndo alikuwa anamulika kioo cha jua kutuma habari, vita inaendaje, nani kaanguka, mpaka mwisho akaomba ruhusa afunge kioo ashike bunduki. Akaruhusiwa. Sasa huyo unamwitaje kibaraka? Mle ndani hakukuwa na afisa Mzungu hata mmoja, na muda ule waliowachelewesha adui ndo uliowasaidia wenzao wa Gulistan kushikilia mpaka msaada ukafika.

Lakini Wapashtun nao walikuwa kwao jamani. Vilima vyao vimewekwa ngome za wageni, 1893 ukachorwa mstari wa Durand, yaani mpaka wa India ya Mwingereza na Afghanistan, ukawakata katikati bila kuwauliza, ulitaka wakae kimya? Na Makalasinga wenyewe nchi yao ya Punjab Mwingereza aliichukua 1849 baada ya vita mbili, yaani wajukuu wa walioshindwa jana wanatumwa kuwashinda wengine leo, hapo ndo panaponiuma zaidi.

Kwa hiyo heshima nawapa wale 21, yote, ila ile sera iliyowapeleka pale siipi hata chembe. Wote walipewa Indian Order of Merit, nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa askari Mhindi wakati ule, maana Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, askari Wahindi walikuja kuruhusiwa 1911. Na kulikuwa na mtu wa 22, mhudumu tu wa pale kambini, sio askari, akafia palepale pamoja nao na nishani hakupewa. Majina yakisomwa kila Septemba, na lake lisomwe.